Wazazi wenzangu wa Marekani, tusiitikie tu

Shule ya msingi nilisoma Kigoma, na fimbo nilizila za kutosha. Ukichelewa namba, fimbo. Eneo lako la usafi likikutwa na majani, fimbo. Mmoja akicheka mstarini, mnalazwa darasa zima. Sizisifii, nina mtu niliyesoma naye ambaye sikio lake moja halijarudi sawa tangu kofi la mwalimu wa hesabu. Nazitaja kwa sababu adhabu zile zilikuwa zinaishia palepale. Mwalimu aliyekuchapa saa nne, saa sita anakutuma ukamchotee maji, na wewe unakimbia. Hakuna aliyeandika popote kwamba fulani wa darasa la tano alicheka mstarini, wala hakuna hakimu aliyekuja kulisoma jambo hilo ukiwa na miaka kumi na sita.

Ohio, ninakoishi sasa, fimbo shuleni zilipigwa marufuku mwaka 2009. Mzazi mgeni akiambiwa hivyo hucheka, kisha anauliza, sasa hawa watoto wananyooshwaje? (Kwa wanaodhani ni Marekani nzima: Mississippi na majimbo mengine kadhaa ya kusini bado yanaruhusu mtoto achapwe kwa kibao cha mbao, na Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1977 kwamba hilo halivunji Katiba.) Wananyooshwa kwa kuandikwa. Mtoto anaingizwa kwenye kompyuta, anasimamishwa siku tatu, tano, kumi, na maandishi yanabaki. Wangekuwa wanaandikwa sawa wote kwa kosa lilelile, tungesema basi, ndio utaratibu wa wenyeji. Hawaandikwi sawa. Mtoto mweusi huandikwa upesi zaidi na kwa mambo madogo zaidi, na orodha yake ndiyo inayofika mapema mezani kwa polisi.

Kazi yangu ni ukalimani, hospitali na shuleni. Wazazi wengi ninaokaa nao ni Wakongomani wa Kivu waliopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu mkoani kwetu Kigoma, kwa hiyo tunaanza kwa kuulizana habari za Kasulu kabla ya kuingia kwenye shida iliyotuleta. Kikao nitakachosimulia nimekibadilisha hapa na pale ili mtoto asitambulike.

Chumba kidogo, meza ya duara, boksi la tishu katikati. Msaidizi wa mkuu wa shule, mwanamke mpole kwa kweli, aligeuza skrini ili mama aone. Mistari ilishuka mpaka chini: tarehe, saa, jina la mwalimu, kosa. Makosa hayaandikwi kwa maelezo. Kuna orodha, mwalimu anabofya moja. Ukaidi. Ukaidi. Kuvuruga darasa. Kuwa sehemu isiyoruhusiwa. Ukaidi. Mama alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye ghala, bado kavaa kizibao cha njano kinachong'aa. Kijana wake wa miaka 13 ameinamisha kichwa, anatazama viatu, kama mtoto yeyote wa kwetu aliyekalishwa mbele ya wakubwa. Mstari mmoja ulikuwa na maelezo mafupi chini yake: anakataa kumtazama mwalimu anaposemeshwa.

Mama akasema, kwa Kiswahili cha kwao, "Miye nawaomba samahani. Nanyi muko wazazi wake. Akikosa, mumupe azabu." Nikatafsiri. Msaidizi wa mkuu akashukuru, akaandika kwamba mzazi ameafikiana na shule. Siku tano. Mama akasaini.

Mkalimani haruhusiwi kutia neno lake kikaoni, kwa hiyo nalitia hapa. Katika ile orodha hapakuwa na kosa hata moja ambalo ungeweza kulipima. Hakuna kioo kilichovunjwa, hakuna aliyepigwa, hakuna kilichoibwa. Kila mstari ulitegemea jinsi mtu mzima alivyomwona mtoto dakika ile.

Hilo si la shule hiyo peke yake. Mwaka 2002 Russell Skiba wa Chuo Kikuu cha Indiana na wenzake walichapisha uchunguzi wa shule za kati za mji mmoja mkubwa. Walitazama watoto wanatumwa ofisini kwa kosa gani. Weupe walitumwa zaidi kwa kuvuta sigara, kutoroka, kuharibu mali, matusi. Weusi walitumwa zaidi kwa kukosa heshima, kelele, vitisho, kuzurura. Sigara ina moshi, dirisha lililovunjwa lina vipande. Heshima anaipima nani, na kwa kipimo gani?

Utafiti ambao mimi huwa naurudia mara nyingi ni wa Texas, uliotoka mwaka 2011. Walifuatilia takribani wanafunzi milioni moja kwa miaka sita au zaidi. Karibu asilimia 60 walisimamishwa au kufukuzwa angalau mara moja kati ya darasa la saba na la kumi na mbili. Soma tena: asilimia 60. Lakini ni asilimia 3 tu ya adhabu hizo ambazo sheria ya jimbo iliilazimisha shule kuzitoa, kwa makosa mazito kama silaha. Nyingine zote zilikuwa uamuzi wa watu wa shule wenyewe. Na hapo penye uamuzi ndipo rangi ilipojitokeza: ukichukua watoto wanaolingana kwa kila kitu walichoweza kukipima, alama, mahudhurio, umaskini, mweusi alikuwa na uwezekano wa asilimia 31 zaidi kuadhibiwa kwa hiari ya shule. Aliyesimamishwa au kufukuzwa kwa makosa ya namna hiyo alikuwa karibu mara tatu zaidi kujikuta mikononi mwa mfumo wa sheria wa watoto mwaka unaofuata.

Kuna watu wakisikia takwimu hizi wanakunja uso: labda watoto weusi ndio wakorofi zaidi. Nimelisikia kwa Wazungu, na nimelisikia kwa Waafrika wenzangu, nyumbani, tukila wali. Kule Louisiana watafiti walichukua visa vya mtoto mweusi na mweupe waliopigana wao kwa wao. Mweusi alipewa adhabu ndefu zaidi. Tofauti ni ndogo sana, haifiki hata siku nzima, lakini ni ugomvi uleule.

Na linaanza mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 2016 Walter Gilliam wa Chuo Kikuu cha Yale aliwaonyesha walimu wa chekechea video ya watoto wanne: mvulana na msichana weusi, mvulana na msichana weupe. Akawaambia wakae macho, tabia mbaya inaweza kutokea wakati wowote, huku mashine ikifuatilia macho yao yanatua wapi. Yalitua zaidi kwa mvulana mweusi. Walipoulizwa nani alihitaji kuangaliwa zaidi, asilimia 42 walimtaja yeye. Hakuna tabia mbaya yoyote iliyokuwemo kwenye ile video. Na walimu weusi nao walimkodolea macho mvulana huyohuyo, jambo ambalo linaninyima raha ya kusema ni Wazungu tu. Takwimu za serikali za mwaka wa masomo 2017-18 zinaonyesha watoto weusi walikuwa asilimia 18 ya watoto wa chekechea za umma, lakini asilimia 43 ya waliosimamishwa. Mtoto wa miaka minne. Anasimamishwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walifanya jaribio jingine, mwaka 2015, linaloeleza vizuri ile skrini niliyoisimulia. Walimu walipewa kisa cha mwanafunzi aliyekosea mara mbili, makosa madogo, na jina likabadilishwa, la kizungu au la Mmarekani mweusi. Kwa kosa la kwanza majibu hayakutofautiana sana. Lilipokuja la pili, aliyekuwa na jina la mweusi ghafla akaonekana ana tatizo sugu, anastahili adhabu kali. Sasa fikiria mtoto ambaye mwalimu wake wa Septemba ameshabofya mara nne. Mwalimu wa Januari, kabla hajamjua, anamkuta na historia.

Sisi tunajidanganya katika hili. Kwenye vikundi vya WhatsApp, kwenye maziko, baada ya ibada, utasikia: watoto wetu wanaharibiwa na hawa Wamarekani weusi, sisi tuna malezi, sisi tulikuja na adabu zetu. Kuna mzazi aliniambia anamkataza mwanawe kukaa nao basi moja. Jamani, fomu ya kuandikisha shule ina kisanduku kimoja tu cha mtu mweusi. Mtoto wa Uvira, Kongo, na mtoto ambaye mababu zake walishushwa Virginia miaka mia nne iliyopita wanatiwa tiki palepale. Polisi aliyesimama koridoni hamwoni mtoto wa mzee wa kanisa. Anamwona kijana mweusi mwenye sweta la kofia. Yale malezi tunayojivunia, kuinamisha macho, kutomjibu mkubwa, kunyamaza ukisutwa, ndiyo niliyoyakuta yameandikwa kama ukaidi. Waliopigania haki ya mtoto kusikilizwa kabla ya kusimamishwa ni hao tunaowasema, na nitafika huko.

Kusimamishwa kunampeleka mtoto jela kwa njia gani? Watu wanauliza hivyo kana kwamba kuna fumbo. Yule kijana alikaa nyumbani siku tano. Baba yuko kiwanda cha nyama, mama analala mchana, mdogo wake yuko shule. Kashinda na nani? Amerudi, wenzake wamepita sura mbili za hesabu, anajiona mjinga, anafanya vituko ili atolewe nje. Huo ndio mwendo wa kawaida, na hauhitaji polisi.

Wapo watakaosema watoto wanaosimamishwa ndio haohao wangeishia jela hata wasingesimamishwa. Mji wa Charlotte, North Carolina, ulijibu hoja hiyo bila kukusudia. Mwaka 2002, baada ya kuondolewa amri ya mahakama ya kuwasafirisha watoto kwa mabasi ili weusi na weupe wachanganyike shuleni, mipaka ya shule ilichorwa upya, na watoto wa mtaa mmoja, nyumba zinazotazamana, wakajikuta shule tofauti. Watafiti waliwafuatilia hadi utu uzima. Waliopangiwa shule za kati zinazosimamisha watoto ovyo walikuwa na uwezekano wa asilimia 15 hadi 20 zaidi wa kukamatwa na kufungwa wakiwa watu wazima, na walioumia zaidi ni wavulana weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini. Mtaa uleule, vipato vilevile. Kilichobadilika ni mkono wa shule.

Kisha ongeza polisi. Sheria ya silaha shuleni ya mwaka 1994 ililazimisha mtoto aliyeleta bunduki afukuzwe mwaka mzima, na nani atabisha? Lakini ule ukali ukasambaa hadi kwenye simu na sare, na baada ya mauaji ya risasi katika shule ya Columbine mwaka 1999 fedha za serikali kuu zikamwaga polisi mashuleni. Polisi akiwepo, ugomvi wa koridoni unapata jina la kosa la jinai. Steven Teske, hakimu wa watoto kaunti ya Clayton jirani na Atlanta, aliona kesi zinazotoka shuleni zikipanda kutoka chini ya 100 kwa mwaka hadi zaidi ya 1,000 baada ya polisi kuwekwa, nyingi za kipuuzi. Mwaka 2004 akawakalisha meza moja wakuu wa shule na polisi, wakasaini kwamba makosa madogo yaanze na onyo na mafunzo kwanza. Kesi zikaporomoka, na wanaomaliza sekondari wakaongezeka. Nampenda huyu hakimu kwa sababu alikuwa amechoka tu kuletewa watoto kwa makosa ya kipuuzi.

Kwingine hakukuwa na hakimu wa aina hiyo. Meridian, Mississippi, Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua kesi mwaka 2012 ikieleza kwamba mtoto aliye chini ya uangalizi wa mahakama akisimamishwa shule, hata kwa kukiuka sare au kujibu jeuri, alikuwa anahesabiwa kavunja masharti na anapelekwa mahabusu. Adhabu ya shule inageuka kifungo, bila kosa jipya. South Carolina mwaka 2015 polisi alimpindua msichana mweusi pamoja na dawati lake kwa sababu ya simu, na mwenzake aliyepaza sauti kupinga akakamatwa naye, kwa sheria ya jimbo iliyofanya kuvuruga shule kuwa jinai. Sheria hiyo bunge la jimbo liliirekebisha mwaka 2018 ili isiwaguse wanafunzi wa shule husika.

Murfreesboro, Tennessee, ndiko kunakonitoa usingizi. Mwaka 2016 watoto 11, wote weusi, walikamatwa, baadhi yao wakiwa shule ya msingi, kwa kuwa walikuwepo vitoto viwili vilipokuwa vikimrushia mvulana mkubwa ngumi zisizo na nguvu, nje ya shule, na hawakuamulia. Kosa waliloandikiwa halimo katika sheria kama kosa linalosimama peke yake. Kaunti ya mji huo mwaka 2014 ilikuwa inawafungia watoto katika asilimia 48 ya kesi zao, ilhali wastani wa jimbo ulikuwa asilimia 5. Mwishowe ilikubali kulipa hadi dola milioni 11 kwa watoto iliowakamata na kuwafunga kinyume cha sheria.

Nisipake rangi nyeusi tupu. Idadi ya watoto waliofungwa Marekani imeshuka sana, kutoka zaidi ya 100,000 kwa siku mwaka 2000 hadi takribani 25,000 mwaka 2020. Ni ushindi wa kweli, na wazazi, mawakili na mahakimu wamekesha kuupata. Ila waliobaki ndani ni akina nani? Mwaka 2021 mtoto mweusi alikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kufungwa kuliko mweupe. Mlango umepunguzwa, foleni imebaki ya watu walewale.

Wala walimu si mashetani. Nimekaa na walimu wenye watoto 30 darasani, watatu kati yao wameona vita kwa macho yao, na hakuna mshauri nasaha hata mmoja jengo zima. Mtoto anayepiga wenzake lazima atolewe, na mzazi wa aliyepigwa naye ana haki. Watu wa California walikwenda mahali ambapo mimi naona ndipo penyewe: kuanzia 2014 hadi 2024, hatua kwa hatua, waliondoa ruhusa ya kusimamisha mtoto kwa ukaidi peke yake, kwanza madarasa madogo, mwisho sekondari. Ngumi bado ni ngumi, kisu bado ni kisu. Kilichoondolewa ni lile neno la kubofya. Serikali kuu yenyewe inayumba: mwaka 2014 iliziagiza shule zichunguze kama adhabu zao zinatofautiana kwa rangi ya mtoto, mwaka 2018 ikafuta maagizo hayo, na Aprili 2025 rais akatia saini amri ya kupinga kabisa hesabu ya aina hiyo. Kwa hiyo usingoje Washington.

Sasa yale ninayotamani mama yule angeyajua kabla ya kusaini. Mwaka 1971, Columbus, hapahapa Ohio, wakati wa fujo za madai ya wanafunzi weusi, vijana walisimamishwa hadi siku kumi bila kuulizwa lolote. Mmoja, Dwight Lopez, alisema alikuwa amesimama tu bwaloni wengine walipoharibu mali ya shule. Walishtaki, na mwaka 1975 Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, ikasema mtoto ana haki ya kuambiwa kosa lake, kuelezwa ushahidi akikana, na kutoa maelezo yake kabla hajatolewa, isipokuwa kama ni hatari kumwacha darasani. Hapo ndipo inapotoka haki ya mwanao kufungua mdomo kikaoni. Mwambie aseme. Ukiwahi kumwombea msamaha, umelifunga faili kabla halijafunguliwa.

Uliza: alifanya nini hasa? Nani aliona? Waliokuwa naye wamepewa adhabu gani? Kama mwanao ana mpango wa elimu maalumu, siku za kusimamishwa zikizidi kumi shule inalazimika kukaa kikao kuangalia kama kosa lilitokana na ulemavu wake, wasipokiitisha, kiitishe. Mkalimani ni wajibu wao chini ya sheria ya haki za raia ya 1964, si fadhila, na mtoto wako asikutafsirie kesi yake mwenyewe. Na kabla hajavuka kwenda sekondari, andika barua kuomba kuliona faili lake lote la nidhamu. Sheria ya 1974 inawapa siku 45 kukuonyesha, na inakuruhusu kudai kilichoandikwa kimakosa kisahihishwe. Wakikataa kusahihisha, una haki ya kusikilizwa, na wakishikilia msimamo, maelezo yako yanaambatishwa kwenye faili. Andika kwa Kiswahili kama Kiingereza kinakusumbua. Weka tarehe, na piga picha kabla ya kuikabidhi.